Pindo la Uongo Lililomo Ndani ya Tablete Yako

Kindu, alasiri, siku moja kabla ya treni yako

Mwamini,

Barua hii, mjukuu wangu, nimeificha kati ya nguo zako, chini ya kitenge cha kijani. Kama umeikuta ungali nyumbani, irudishe mahali pake. Isome treni ikishapita Kibombo. Kuna mambo humu ambayo sitaki kuona uso wako ukiyasikia. Unao uso wa mama yako, na ule nimeutazama vya kutosha.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala za wanaume wanaozunguka kwenye mabehewa, wala za kusali kwa wakati. Nimekupigia kelele hizo tangu ulipoanza kutembea. Kama hazikuingia kwa masikio, hazitaingia kwa macho. Na mwandiko wangu usiucheke. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, kisha nikatolewa nikakae kwa shangazi nisuke mikeka, na bado naandika vizuri kuliko wewe unayebonyezabonyeza kioo.

Neno lenyewe ni hili. Ule mkeka uliouchora ndani ya tablete, ule uliomtumia yule mama wa Lubumbashi mwenye atelye ya kusukia mikeka, naye akakuita uende usuke mbele yake na uwafundishe wasichana wake, utaufunga kwa pindo la uongo. Hukukosea wewe. Mimi njo nilikufundisha hivyo, nikijua. Ukiufunga kama nilivyokuonyesha, utapendeza siku ya kwanza, utapendeza mwezi wa kwanza. Watu wakishaukalia, pindo litalegea, kanda zitaachana moja moja, na wewe utasimama katikati ya watu wa mji usioujua, umeshika takataka ya majani.

Tulia. La kweli nitakupa humu humu. Lakini utalipata nikishamaliza kusema, si kabla. Ukiruka kurasa kutafuta mwisho, kama unavyoruka video kwa kidole, utakuwa yule mpumbavu niliyekuwa nikidhani ndiwe.

Unadhani ninaichukia hiyo tablete kwa sababu ya uzee. Mjomba wako alipoileta kutoka Kalima, kona moja imepasuka, nilikwambia itaharibika kabla ya mvua, na nilitamani iharibike. Siku ile tulipoipeleka kwa Kambale, yule Mbutembo mwenye duka na plake ya umeme wa jua karibu na stesheni, aijaze moto na kukutilia aplikasyo, nilisimama pale nikiitukana.

"Koko, usiigombeze, iko inasikia," Kambale akasema.

"Isikie! Na wewe, muntu wa misumari na sabuni, nani alikufundisha kuchora?"

"Mimi? Mimi siwezi kuchora hata kuku. Nikimuchora kuku, watu wanauliza ni mbuzi wa nani. Mimi naweka tu. Mutoto njo anajua."

"Mutoto hajui kitu. Vidole vyake vizito kama ndizi."

"Basi wewe njo unajua, Koko. Lakini kazi yako sasa inaingia humu. Pumzika."

Watu wa dukani walicheka. Wewe pia ulicheka, kidogo, ukafunika mdomo. Pumzika. Hilo neno nililibeba mpaka nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu.

Lakini macho ninayo. Miezi hii yote ulidhani nachambua majani ya sombe, kumbe natazama kioo chako, na nimezijua aplikasyo zako kuliko Kambale. Ile ya kuchora, yenye karatasi juu ya karatasi, ile ishike. Unaweka foto ya mkeka wa zamani chini, unachora juu yake, kisha unaiondoa ya chini, na ya juu inabaki bila alama. Mimi nilipokuwa msichana tulichora kwa mkaa ukutani, mvua ikafuta. Na inafunguka bila rezo, bila mtandao. Zile zinazodai rezo kila unapozigusa, zifute leo, hata kama zina maua mengi. Njiani utakaa siku nyingi bila hata alama moja ya rezo, na fundi anayengoja mtu wa mbali amruhusu kufanya kazi si fundi, ni mtumwa.

Ile ya kuhesabu mistari, ile unayogusa mara moja kila ukimaliza mstari, ni ya wavivu, na wewe ni mvivu, basi iweke. Mimi huhesabu kwa mdomo, na muntu akinisalimia napoteza hesabu, namtukana, naanza tena. Ile ya kusema maneno nayo iandike yenyewe, nilijaribu siku uliyokwenda sokoni. Nilitaka kuandika barua hii kwayo. Nilisema maneno mengi, ikaandika upuuzi wa watu wengine, kana kwamba hapa Kindu hatusemi Kiswahili. Nikaifunga. Njo sababu unaona wino wa biki.

Ile ya kioo sasa. Unachora upande mmoja, nayo inakuchorea wa pili yenyewe. Hiyo itumie katikati ya mkeka tu. Kwenye ukingo izime. Mkono wa kulia na mkono wa kushoto wa msukaji si sawa, haivuti sawa, na pindo la upande huu si kivuli cha pindo la upande ule. Nilikuona unauchora ukingo kwa kioo, nikanyamaza. Nilifurahi.

Na ile ya miraba, ile unayojaza rangi mraba kwa mraba, njo bora kuliko zote, maana mkeka ni miraba. Lakini inajua rangi tu. Haijui jani lipi linapita juu na lipi linapita chini. Ukitazama picha yako, pindo la uongo na pindo la kweli ni kitu kimoja kabisa. Njo maana niliweza kukudanganya, na yule mama wa Lubumbashi hawezi kuona kitu mpaka mkeka ukaliwe. Kuanzia leo, ndani ya kila mraba weka alama yako: kistari kwa jani la juu, nukta kwa jani la chini. Hakuna aplikasyo itakayokufanyia hilo. Na nakala ya michoro weka kwenye ile kadi ndogo, na kadi usiilaze mfuko mmoja na tablete, kwa sababu mwizi hachagui.

Sasa nikwambie desturi ambayo hukuwahi kuelezwa yote, kwa sababu wasukaji waliokufa ni wengi kuliko waliobaki. Katika mtaa wetu, mwanafunzi alisuka mkeka wote mwenyewe, akaushona, lakini pindo hakufunga. Alimletea fundi wake. Fundi alitandika kitenge juu ya magoti, akaingiza mikono chini yake, akafunga pindo bila kuonekana. Mwanafunzi alikaa mbele yake akitazama kitenge kikitikisika. Hivyo hakuna aliyeweza kumkimbia fundi wake. Siku aliyochoka fundi, au aliyopenda, aliinua kitenge. Hakusema kitu. Mikono ilifanya kazi mara moja, wazi, na ukishaona umeona. Mimi nilimfulia shangazi yangu nguo miaka sita. Siku moja akakiinua.

Kunyima ni desturi yetu, sote tulinyimana. Kudanganya chini ya kitenge kilichoinuliwa, hilo nimelianza mimi. Sijasikia mwingine aliyelifanya, na kama yupo, hayuko Kindu.

Mama yako, Salima, alikuwa na miaka kumi na tisa vita ilipotufungia ndani ya mji. Wenye bunduki walikuwa mjini, wenye bunduki wengine walikuwa porini, na sisi katikati. Treni ilikufa. Mto ulikuwa pale, lakini mitumbwi haikuthubutu. Ukienda shambani, wa porini walisema umetumwa na wa mjini. Ukirudi, wa mjini walisema umetumwa na wa porini. Tulikula sombe bila chumvi mpaka ulimi ukasahau. Majani ya mikeka tulikata kando ya mto, tumeinama, tukikimbia na mzigo kama wezi.

Salima alikuwa na kaye ya shule, daftari ambalo halikuwa na shule tena. Alichora humo mikeka. Hakuwa na aplikasyo, hakuwa na rangi. Alikuwa na biki moja aliyoipuliza ili iandike. Ninakwambia mimi, ambaye sijawahi kumsifu muntu akiwa hai: nilikuwa sijaona michoro kama ile. Miaka yote nilikwambia mama yako hakuwa na mikono. Nilisema uongo. Alikuwa na mikono kunishinda, na nililijua hilo kabla yeye hajalijua.

Mke wa komanda wa wale wa mjini alijifungua, akataka mkeka mkubwa kwa sherehe ya mtoto. Nikampelekea mkeka wangu mzuri. Salima alifuatana nami, na kaye yake kwapani. Yule mwanamke akautazama mkeka wangu kama muntu anayetazama samaki wa juzi.

"Na hiyo kaye ni ya nini?" akamuuliza Salima.

Salima akamfungulia.

"Nataka hii. Ile yako, mama, rudi nayo."

Alimuahidi chumvi, sabuni na mchele. Njiani Salima aliruka kama mbuzi mdogo. "Mama, tutakula chumvi! Mama, utaniinulia kitenge? Huu mkeka nataka niufunge mwenyewe."

Alisuka wiki nzima. Siku ya mwisho nikakaa, nikatandika kitenge magotini, nikakiinua. Mama yako alilia kwa furaha. Alishika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakapita kati ya vidole. Na mikono yangu, mbele ya machozi hayo, ikamfundisha vibaya.

Nilijiambia: utalegea kidogo, mke wa komanda atamrudishia, nitaurekebisha, naye atajifunza kungoja. Njo nilivyojiambia. Usinitafutie udhuru humo, sikuandikii nipate udhuru.

Mkeka ulifunguka mbele ya wageni wa komanda, wakiwa wameukalia. Wanaume wakacheka. Askari wawili wakaja kumchukua Salima mchana, jua kichwani. Wakamkalisha uani kwao, wakamwambia aufumue wote, jani kwa jani, ili aone alivyomfanyia mukubwa wao. Alipomaliza, mmoja akauweka mkono wa kulia wa Salima juu ya jiwe na kuupiga kwa kitako cha bunduki. Vidole viwili. Havikunyooka tena.

Kesho yake nilikwenda. Unadhani nilikwenda kulia? Nilibeba majani mabichi, nikausuka upya mkeka ule ule kwa mchoro wa mwanangu, siku tano, nikafunga pindo chini ya kitenge. Mke wa komanda akaukanyaga, akauvuta, haukuachia.

"Wewe njo fundi," akasema. "Yule mutoto ni muongo."

Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Bado ni mutoto."

Akanipa chumvi. Niliifunga pembeni ya kitenge, nikatembea katikati ya barabara, nimenyoosha shingo. Nakwambia kweli, Mwamini, nilikuwa na furaha. Nilipika sombe yenye chumvi, ya kwanza baada ya miezi mingi. Salima akala kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa. Nami nikamgombeza. Nikamwambia, "Nimekulea wapi wewe, unakula kwa kushoto?" Akaacha kula. Nikamalizia sahani yake.

Baada ya hapo hakusuka tena. Alichora tu, kwa mkono wa kushoto, ndani ya kaye ile ile. Zile kurasa za mwisho ulizozikuta sandukuni, zenye mistari inayotetemeka, ulizipiga foto ukanionyesha. "Koko, mama alikuwa anachora kama mutoto," ukasema. Ukafungua ile aplikasyo, ukabonyeza mahali pa kunyoosha mistari, na mistari yote ikanyooka. Tukacheka pamoja. Ulicheka kwa sababu hukujua. Mimi nilicheka kwa sababu nilijua.

Izime hiyo ya kunyoosha. Rudi kwenye foto zenyewe, uchore upya juu yake, na uache mkono wake utetemeke pale ulipotetemeka. Tazama vizuri utaona: kurasa zile zote ni pindo. Alikuwa anatafuta. Kila ukurasa anajaribu hesabu nyingine, anaikata, anaanza tena. Nilikuwa nikipita nyuma yake na ndoo ya maji, namwona amekosea, napita.

Na wewe je? Miaka ishirini baadaye, hakuna vita mjini, hakuna njaa ile, hakuna komanda. Yule mama wa Lubumbashi aliandika jina lako, hakuandika langu. Ni hilo tu. Ulikuja ukakaa mbele yangu, ukasimamisha tablete juu ya kinu, ukabonyeza ipige video. "Koko, niinulie basi, niende nayo." Nani alikwambia habari ya kitenge sijui, labda mama yako, ulipokuwa bado mdogo. Nikakiinua. Nikafanya tena. Ile video unayo. Mikono yangu ilivyotulia humo! Usiifute. Siku ukiota kiburi kwa wasichana utakaowafundisha, na utakiota, damu ni damu, ifungue uitazame.

Ningeweza kukuonyesha la kweli asubuhi hii. Dakika moja ilitosha. Ulikuwa unafunga mizigo, unaimba. Mara mbili nilisogeza kiti, mara mbili nikakwambia funga vizuri hilo begi, unafunga kama mlevi. Kwa hiyo nimeandika. Kesho stesheni sitakwenda, nitasema magoti yananiuma. Magoti yangu ni mazima. Usiniandikie kwamba umenisamehe, maana sitausoma ujinga huo. Ukiwa na hasira, kaa nayo. Inafaa kwa kazi, inakaza majani.

Kitu kimoja bado. Vita ilikwisha, mama yako akaolewa, akakuzaa wewe, baba yako akaenda Kampene kuchimba, hakurudi. Ulikuwa na miaka minne homa ilipomkamata Salima. Siku ya mwisho, mchana, ulikuwa mlangoni unacheza na vipande vya majani. Nilikuwa nampepea. Akafungua macho. Hakuwa anaweweseka, akili yake ilikuwa nzima.

"Mama," akasema, "pindo ni majani mangapi chini?"

Basi alijua. Alijua tangu siku ya chumvi, akaishi nami nyumba moja miaka yote ile, akanipikia, akanifulia, hakusema neno. Na hata pale hakunishtaki. Aliuliza hesabu.

Nikamwambia, "Lala, Salima."

Akalala. Kesho yake tukamzika.

Sasa chukua majani yaliyo chini ya begi, nimeyalowesha na kuyafunga kwa nailoni, bado yatakuwa na maji. Mimi niliwafundisha mawili chini, moja juu. Si hivyo. Ni matatu chini, moja juu, na unageuza kwa kushoto, pande zote mbili za mkeka unageuza kwa kushoto, kisha unakaza kabla hayajakauka. Lifanye hapo hapo ulipokaa, mara tatu, mpaka vidole vyako vizito vishike.

Matatu, Mwamini. Mama yako alikuwa ananiomba jani moja tu.

Koko Zainabu